Deni la baba watoto lilipokwamisha mkopo wa mama



Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Bariadi mjini. Ana watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili. Anauza mchele, dengu na choroko sokoni. Alianza na gunia moja la mchele chini ya mwavuli, leo ana kibanda chenye mlango na kufuli.

Alitaka mkopo wa shilingi milioni 5. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: anunue dengu wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, aziweke stoo, auze bei ikipanda. Daftari la mauzo analo, akaunti yake inaingiza na kutoa fedha kila wiki, na hajawahi kudaiwa popote zaidi ya kwenye kikoba chao, ambako hulipa kabla ya siku.

Afisa mikopo alikuja hadi nyumbani. Akakagua nyumba, akapiga picha kiwanja, akahesabu magunia. Mwishoni akasema baba mwenye nyumba atahitajika kusaini sehemu mbili: ya kuridhia nyumba iwekwe dhamana, na ya kumdhamini mkewe. Baba alisaini bila kusema neno.

Siku nne baadaye yule mama aliitwa ofisini. "Mama, kwa sasa hatuwezi kuendelea," afisa alimwambia. "Zungumza kwanza na mzee nyumbani." Alipouliza kuna nini, hakuambiwa zaidi ya hapo.

Usiku ule, watoto walipolala, aliuliza. Ndipo akasikia habari ambayo ilikuwa imelala naye kitanda kimoja kwa miaka mitatu. Mumewe alikopa shilingi 1,800,000 kuongezea fedha ya kununua pikipiki. Alitakiwa kurejesha 180,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Alirejesha miezi mitano. Pikipiki ikapata ajali, akashindwa, akabadili namba ya simu. Simu za kudaiwa zilipokoma, akadhani deni limekufa.

"Kilichoniuma si hela," mama yule aliniambia. "Angenieleza, ningeuza mchele tukalipa. Lakini deni si langu, sikusaini mimi. Kwa nini niadhibiwe mimi?"

Swali lake ni zuri, na najua nyumba nyingi za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega zina swali hilohilo bila kuliuliza. Leo tulijibu.

REKODI NI YA MTU, SI YA NDOA

Tuanze na habari njema. Kwa utaratibu wetu hapa Tanzania, historia ya mikopo ni ya mtu mmoja mmoja. Kuolewa au kuoa hakuunganishi rekodi zenu.

Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na kanuni zake za mwaka 2012 ziliruhusu kuwepo kampuni zenye leseni zinazokusanya taarifa hizo na kuzitoa kwa wakopeshaji. Creditinfo Tanzania ni mojawapo. Benki hupeleka huko habari za wateja wao: nani amekopa, kiasi gani, analipa kwa wakati au amechelewa. Ukiomba mkopo, mkopeshaji huomba ripoti yako na kukusoma kabla hujakaa kwenye kiti.

Watu wengi hudhani huko kunaandikwa mabaya tu. Sivyo. Aliyekopa na kulipa vizuri naye anaandikwa, na hiyo ni mali yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iko wazi. Mwanamke aliyeolewa anaweza kumiliki mali yake, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, sawa na mwanamume. Kwa hiyo mkopo wa biashara aliousaini mume peke yake ni wa mume, na aliousaini mke peke yake ni wa mke.

Basi kama ni hivyo, mama wa dengu alikwama wapi? Alikwama kwa sababu deni la mwenzi, hata kama halina mlango rasmi wa kuingilia kwenye rekodi yako, lina milango ya pembeni. Mimi nimehesabu mitano.

MLANGO WA KWANZA: NYUMBA

Nyumba ya familia haiwekwi rehani na mtu mmoja kimyakimya. Sheria ya Ndoa inakataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kujua kama anayeomba ana mwenzi. Ndiyo maana unaulizwa habari za ndoa hata kama biashara ni yako peke yako.

Kinga hii iliwekwa ili mama na watoto wasiamke asubuhi wakakuta dalali mlangoni kwa mkopo wasioujua. Tusiilalamikie. Lakini maana yake ni kwamba mwenzi wako ataingia kwenye faili lako, na akiingia atatazamwa. Kama hati ya kiwanja ina jina lake, atatazamwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayetoa mali yake kwa ajili ya mkopo wako. Mkopeshaji atataka kujua kama kiwanja hichohicho hakijawekwa dhamana kwingine.

Wapo wanaosema, "Sisi hatujafunga ndoa, hayatuhusu." Taratibu. Sheria hiyohiyo ya Ndoa inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, jamii ikiwatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkopeshaji makini hatapita hapo akifumba macho.

MLANGO WA PILI: UDHAMINI

Hapa ndipo mama wetu alipokwama hasa. Alidhani mumewe amesaini kitu kimoja mara mbili. Kumbe ni vitu viwili tofauti.

Kuridhia ni kusema, "Najua nyumba yetu inawekwa dhamana, nimekubali." Kudhamini ni kusema, "Asipolipa, nitalipa mimi." Anayeahidi kulipa lazima apimwe kama ana uwezo na tabia ya kulipa. Ripoti ya baba ilipofunguliwa, ule mkopo wa pikipiki ulikuwa bado unasoma kuwa haujalipwa. Benki huuita mkopo chechefu. Mtu mwenye mkopo chechefu hawezi kumdhamini mwingine.

Afisa hakumweleza mama kilichoonekana kwa sababu taarifa za mikopo ni siri ya mwenye nazo, hata kwa mke wake. Alichoweza kumwambia ni kile tu: zungumza na mzee.

Kwa hiyo, kabla mwenzi hajasaini, uliza: "Hapa anaridhia au anadhamini?" Kama ni udhamini na unajua rekodi yake ina doa, omba kuleta mdhamini mwingine. Huenda ukakubaliwa, huenda usikubaliwe, lakini ni afadhali kuuliza mapema kuliko kukataliwa baadaye.

Na kumbuka, udhamini unakwenda pande zote. Kama mumeo alimdhamini mdogo wake aliyenunua trekta akashindwa kulipa, hilo nalo linaweza kuwa limemrudia yeye.

MLANGO WA TATU: BIASHARA YENYE MAJINA MAWILI

Wapo waliosajili jina la biashara BRELA kwa majina yote mawili, mume na mke. Ni jambo jema kwa familia. Ila ukiomba mkopo kwa jina la biashara hiyo, wenye biashara ni wawili, na wote wawili watakaguliwa. Kampuni ni vilevile: wakurugenzi na wanahisa huangaliwa.

Kama kweli kibanda ni cha mama, mtaji ni wake na anaendesha mwenyewe, kisajiliwe kwa jina lake. Kama ni cha wote, kibaki cha wote, lakini wote wawe safi kabla ya kukopa. Kumwondoa mwenzako kwenye karatasi kwa siku moja ili mkopo upite, huku moyoni mnajua biashara ni ya wawili, ni kumdanganya mkopeshaji na kujitengenezea kesi ya baadaye.

MLANGO WA NNE: SUFURIA MOJA

Hata pasipo nyumba wala udhamini, afisa atauliza matumizi ya kaya: ada, chakula, kodi, matibabu, madeni mengine. Nyumba nyingi zinakula kwenye sufuria moja. Kama baba anadaiwa 180,000 kwa mwezi, siku ya kubanwa fedha hiyo itatoka kwenye droo ya mama. Mkopeshaji analijua hilo kuliko tunavyodhani.

Kwetu Simiyu kuna na jambo la msimu. Nyumba ya mkulima wa pamba hupata fedha kuanzia ununuzi unapofunguliwa mwezi Mei, halafu kuna miezi mirefu ya ukame wa mfukoni. Mkopo wa kurejesha kila mwezi haujui msimu. Madeni mengi mabaya hapa hayakuanza kwa utapeli, yalianza kwa mtu kukubali marejesho ya kila mwezi wakati kipato chake huja mara moja kwa mwaka. Mweleze afisa mapema fedha zenu huingia lini, na uombe ratiba inayofanana na kipato chenu.

MLANGO WA TANO: LAINI YA SIMU

Huu wengi hatuufikirii. Laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, kuna baba aliyekuwa hajapata namba ya NIDA. Mama akaweka kidole chake, laini ikatumika na baba. Miaka imepita, baba bado anaitumia, na kwenye laini hiyo anakopa kupitia huduma za mikopo ya simu.

Kwa mkopeshaji, aliyekopa ni nani? Ni yule ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake. Hapo hatuzungumzii tena deni la mume. Limeshakuwa lako, kwa jina lako, na doa likibaki, linabaki kwako.

Piga *106# kwenye simu yako uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta ambayo huitumii, nenda kwa wakala wa mtandao husika, ifutwe au ihamishiwe kwa anayeitumia. Jioni moja inatosha.

USIMTANGULIZE MWENZAKO

Kabla ya kusema cha kufanya, niseme cha kutofanya.

Baba akishajua rekodi yake imeharibika, kishawishi kikubwa ni kumwambia mke, "Mama, wewe uko safi, nenda ukope kwa jina lako, mimi nitalipa." Mke anakwenda, anasaini, fedha zinaingia mkono wa baba. Baba huyu ndiye aliyeshindwa 180,000. Akishindwa tena, nyumba ina rekodi mbili mbovu badala ya moja, na sasa hakuna aliyebaki wa kukopesheka hata mtoto akipata nafasi ya chuo.

Lipo pia kinyume chake, mama anayemtanguliza baba. Kanuni ni ileile: anayesaini awe ndiye anayeshika fedha na anayejua biashara.

CHA KUFANYA KABLA YA KUOMBA

Kwanza, kaeni wawili. Chagueni siku ambayo hakuna mgeni na hakuna aliyekasirika. Kila mmoja aandike kwenye karatasi madeni yote: benki, SACCOS, kikoba, simu, duka la pembejeo, ndugu, na kila mahali alipodhamini. Msikatane maneno mpaka karatasi zote mbili ziishe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Afadhali uaibike mbele ya mkeo kuliko mkeo aaibike mbele ya afisa mikopo.

Pili, kila mmoja aombe ripoti yake mwenyewe. Una haki ya kuona kinachoandikwa juu yako. Angalia mambo matatu: kuna mkopo usioujua? Kuna mkopo uliomaliza lakini bado unasoma kuwa unadaiwa? Kuna udhamini uliousahau? Ukikuta kosa, lalamika kwa maandishi kwa aliyetoa taarifa hiyo, ukiambatanisha risiti, na udai lirekebishwe. Ndiyo maana nasema kila siku, usitupe risiti ya marejesho.

Tatu, mwenye deni aende kwa aliyemkopesha, asijifiche. Mkopeshaji hupenda zaidi mtu anayekuja kusema "nina 100,000 leo na nitaleta 100,000 kila mwezi" kuliko kumtafuta kwa dalali. Ombeni ratiba mpya kwa maandishi. Ulizeni kama adhabu za kuchelewa zinaweza kupunguzwa. Deni likiisha, msiondoke bila barua ya kumaliza deni, na baada ya muda hakikisheni kuwa ripoti imebadilika. Historia ya kuchelewa haifutiki siku hiyohiyo, lakini deni lililolipwa kwa kuchelewa halina uzito sawa na deni lililotelekezwa.

Nne, ukienda kuomba, sema ukweli mapema. "Mume wangu alikuwa na mkopo uliokwama, huu hapa ni mpango wake wa kulipa, na hizi ni risiti za miezi mitatu." Afisa aliyesikia kwako kwanza ana kitu cha kuandika kwenye faili. Aliyegundua mwenyewe anabaki kujiuliza umeficha nini kingine.

KAMA MLANGO WA BENKI UMEFUNGWA KWA SASA

Zipo njia ambazo hazitegemei sana saini ya mwenzi. SACCOS hukutazama kwa akiba yako na wadhamini wanachama. Kikoba kinakujua kwa tabia yako. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi, hivyo hakikisheni chenu kimesajiliwa.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muone ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako akueleze masharti. Ila ni mkopo wa kikundi, na mwenzenu mmoja akikimbia mnakimbizwa wote. Chagueni wenzenu kama mnavyochagua mkwe.

Njia ya kuikwepa ni mikopo ya kausha damu. Chukua mfano wa 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi ni 100,000 ya riba peke yake. Miezi sita umeshatoa 600,000, na ile 500,000 ya mwanzo bado hujaigusa. Mikopo ya kwenye programu za simu nayo, kagua leseni kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mkopeshaji anayetaka ruhusa ya kuona namba zote kwenye simu yako, ili siku ukichelewa awatumie wakwe zako ujumbe, si mwokozi wako.

MAMA WA DENGU AMEFIKIA WAPI

Mwaka huu amekosa msimu. Alinunua magunia machache kwa mtaji wake mwenyewe, na bei ilipopanda aliuma vidole. Sitamdanganya msomaji kwamba mambo yaliisha vizuri kwa wiki moja.

Lakini yeye na mumewe walikwenda pamoja kwa yule mkopeshaji wa pikipiki. Marejesho yaliyobaki yalikuwa 1,260,000 kabla ya adhabu. Baba aliuza ng'ombe mmoja, akalipa sehemu, iliyobaki ikapangiwa miezi sita. Anayepeleka ni baba mwenyewe, kwa jina lake, na risiti anamkabidhi mama, ambaye anazibana kwenye daftari lake la mauzo.

Nilimuuliza kama amemsamehe. Alicheka kidogo. "Deni nimelisamehe," alisema. "Miaka mitatu ya kunyamaza ndiyo bado naifanyia hesabu."

Baba unayesoma haya kwenye simu, kama kuna namba ambayo ikipiga unatoka nje kupokea, mwambie mkeo leo. Mama unayesoma haya, kama kuna kikoba unachodaiwa na baba hajui, nawe ni hivyohivyo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini ndani ya ndoa dawa hiyo huanza kwa kusema.

 Tukutane wiki ijayo.